Kusikia Baridi

Boila yetu ilianza kukoroma usiku mmoja wa Januari. Nilidhani ni gari la kukwangua theluji limesimama dirishani. Mume wangu akasema hapana, ni chini. Tukateremka ngazi za besmenti na tochi, kwa kunyata, kama watu waliosikia mwizi. Kichomeo kilichoshikizwa kwenye tumbo la boila kilikuwa kinanguruma hadi mabomba yanatetemeka na kopo la rangi juu ya rafu linacheza. Thamostati ya juu iliporidhika, kikazima chenyewe. Tukarudi kulala, lakini nani alilala?

Tunaishi Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Hakuna jimbo jingine nchini humo lenye sehemu kubwa zaidi ya kaya zinazopasha nyumba joto kwa mafuta. Tangi la kawaida la nyumbani ni la galoni 275, zaidi ya lita 1,000, na yaliyomo ni ndugu wa dizeli, yametiwa rangi nyekundu ili asitokee mjanja akayatia kwenye gari na kukwepa kodi ya barabara. Mimi nimekulia Tanga. Kulala juu ya moto unaojiwasha wenyewe saa nane za usiku ni jambo ambalo nililikubali kwa imani tu, sikulielewa.

Kumbe si gumu kulielewa. Kichomeo ni karabai iliyokwenda shule. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa akiwasha karabai kwenye harusi za mtaa wetu, na nilijua kazi yake kwa sauti: pampu, pampu, pampu, halafu ule mvumo unaotangulia mwanga. Hapa mota ndiyo inayopiga pampu, pampu inayasukuma mafuta kwa presha hadi kwenye nozeli, nayo nozeli inayatoa kama ukungu. Feni inapuliza hewa. Transfoma inapeleka volti 10,000 kwenye ncha mbili za chuma zilizoachana kama milimita 4, cheche inaruka, ukungu unashika moto. Tofauti ni kwamba kwenye karabai mafuta huchemka kwanza yakawa mvuke. Huku yanachomwa yakiwa matone, na ukubwa wa tone ndio habari yote, ingawa siku hiyo sikuwa nikilijua hilo.

Fundi wa kwanza alikuja mchana, akawasha boila dakika mbili tatu, akabadilisha nozeli, akabana mlango wa hewa wa kichomeo, akaandika bili. Kelele ikapungua kweli. Siku tisa baadaye nilipitisha kitambaa juu ya fremu ya mlango wa besmenti kikarudi cheusi. Alikuwa ameukaba moto. Moto ulionyimwa hewa huteremsha sauti, lakini hauachi kula mafuta. Unayala vibaya na kutema masizi, na pamoja na masizi ile hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo kwa ajili yake nyumba hapa huwekewa king'ora. Simlaumu sana. Nilimwita kwa sababu ya kelele, naye kelele akaipunguza.

Wa pili ni Mkongo wa Bukavu, mwenye leseni ya jimbo, aliyeanzia kazi hii kwa kubebea wenzake mikoba. Aliingia, akasalimia, asifungue mkoba.

"Mama, inaliaka wakati gani?"

Nikamwambia usiku. Usiku wote? Hapana, ule wa baridi. "Baridi ya kila siku, ao ile ya kuua?" Ile ya kuua. Akaniuliza tena kama ikiwaka tu inalia, au inangoja kwanza. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeisikiliza kelele majuma mawili bila kujiuliza inaanza lini. Halafu akauliza kile kitufe chekundu cha kuwasha upya kichomeo nimekibonyeza mara ngapi, na uso wake ukawa mkali kidogo. Nikasema mara moja. Akashusha pumzi. Kila ukikibonyeza wakati moto umekataa, mafuta yanamwagika ndani ya chumba cha moto na kukaa yakisubiri cheche. Bonyeza mara tano, na ya sita nyumba nzima inatikisika na kupakwa masizi mpaka ndani ya kabati.

Akageuza ndoo tupu ya rangi akaikalia. Nikatumwa juu kupandisha thamostati. Niliporudi alikuwa amegusisha ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini wake umebanwa sikioni. Kichomeo hiki huizungusha mota sekunde kama 15 kabla ya kuruhusu mafuta, na katika sekunde hizo aliimaliza nusu ya kazi: beringi hazikwaruzi, kaplingi haigongi, feni haiyumbi. "Mota iko muzuri." Mafuta yakafunguliwa, moto ukashika bila kishindo, basi na cheche iko sawa. Kimya. Nikaanza kuona haya, kama mzazi aliyempeleka mtoto hospitali na mtoto akapona mlangoni.

Yeye akatazama saa yake. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipokuwa inakwisha, boila ikaanza: kwanza kama paka, kisha kama lori.

Alinyanyuka akaweka kiganja kwenye bomba jembamba la shaba linaloleta mafuta, akalifuata ukutani taratibu, kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Alipofika penye chujio alisimama, akaniita nishike. Kopo la chujio lilikuwa limetoa jasho, matone yanateleza. Hakusema neno. Alivaa koti, akafungua mlango wa nyuma, akapita kwenye theluji hadi kwenye tangi, maana tangi letu liko nje, limeegemea ukuta wa kaskazini. Akalipiga kofi jepesi. "Hapa ndiko inaliaka."

Katika Kiswahili mashine hulia, kama mtoto anavyolia, na baridi husikika, kama sauti inavyosikika. Nimeyasema maneno hayo maisha yangu yote bila kuyapima. Pale nje, vidole vikinifa ganzi, niliona mtu aliyekuwa ameisikia baridi kwa sikio, kupitia moto.

Alinieleza tukiwa tumerudi ndani. Mafuta ya dakika nne za kwanza yamelala ndani ya besmenti, yana joto. Yakiisha, yanafika ya nje, mazito. Mtu angedhani mafuta mazito yatapita machache kwenye tundu dogo. Yanapita mengi zaidi. Ndani ya nozeli mafuta huzungushwa kwa kasi, yakiwa mepesi huambaa kwenye kingo za tundu kama utando mwembamba na katikati hubaki hewa tupu. Yakiwa mazito mzunguko unalegea, utando unanenepa, matone yanatoka makubwa, mwavuli wa ukungu unafinyika. Matone makubwa huchelewa kuungua, moto unarefuka na kupapasa ukuta wa nyuma wa chumba chake, na ndiyo ngurumo ile.

Alipochomoa nozeli, kitu kidogo cha shaba nyeupe kisichozidi pipi, nilimwambia mjomba alikuwa akizibua karabai kwa sindano, nimletee? Alikifunika kwa kiganja kana kwamba nimeshika nyundo. Mkwaruzo mmoja usioonekana, ukungu unaenda upande. Hii haizibuliwi, hutupwa. Akatia ya galoni 0.70 kwa saa mahali pa ile ya 0.85, akapandisha presha ya pampu kutoka pauni 100 hadi 140 kwa kila inchi ya mraba, hivyo mafuta ni karibu yale yale kwa saa, lakini yamesagika zaidi. Kisha akaufungua ule mlango wa hewa uliobanwa, na hapa hakuamini sikio lake. Alichomeka kijipampu cha mkono kwenye bomba la moshi, akavuta mara kumi kupitia karatasi nyeupe. Kabla hajabadilisha kitu karatasi ilikuwa imetoka na doa la namba 4 katika kipimo cha 0 hadi 9. Sasa ikatoka doa hafifu. Akaongeza hewa kidogo, akavuta tena, ikatoka nyeupe. Ile nyeupe aliiandika tarehe akaibandika ubavuni mwa boila.

Boila bado inavuma. Nilimwuliza, akacheka: moto wa mafuta ukinyamaza kabisa, umezimika.

Dawa iliyobaki haikuwa yake. Matangi ya nje, alisema, msimu wa baridi huchanganywa mafuta ya taa, yasiyoganda upesi. Ni ghali zaidi na joto lake ni pungufu kidogo, lakini hutiririka. Lori lilikuja Alhamisi. Dereva akaunga mpira, akafungua, na kutoka kwenye bomba la pumzi la tangi ukaanza mluzi, mwembamba, wa mfululizo, hewa ikipisha mafuta. Nikasikia harufu ya uani kwa mjomba, magharibi, kabla ya harusi. Dereva hakutazama kipimo chochote. Alisimama ameinamisha kichwa upande wa tangi, akingoja mluzi ukatike, na ulipokatika akafunga.