Tanga la Mgeni Shule, la Kwetu Kibarua?



Kitabu cha Alan Villiers, Sons of Sindbad, yaani Wana wa Sindbad, kilitoka mwaka 1940, na hadi leo hutajwa yanapozungumzwa majahazi ya pwani yetu. Yafaa tukipime, kwani kinagusa malezi ya watoto wetu.

Mwandishi huyu, baharia wa Australia, alijua thamani ya kusomesha kwa tanga. Baina ya 1934 na 1936 aliizunguka dunia kwa Joseph Conrad, meli ya matanga iliyoundwa Copenhagen mwaka 1882 kwa kufundishia vijana. Mabaharia wake wengi walikuwa vijana, wakajifunza kupanda mlingoti, kushika zamu ya usiku na kumtii mkubwa. Baadaye meli hiyo ikahifadhiwa Mystic, Marekani, na vijana wamekuwa wakilala humo wakifundishwa kazi za tanga.

Mwishoni mwa 1938, huko Aden, alipanda bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir Al-Najdi, wakaja kwa kaskazi hadi Mombasa, Unguja na Rufiji. Hapa ndipo kitabu kinapopata nguvu. Hakuficha taabu ya mabaharia: matope ya Rufiji walikofuata boriti, wala madeni yaliyowafunga. Kwa hilo anastahiki shukrani.

Lakini jina la kitabu linapotosha. Sindbad ni mtu wa hadithi za kubuni. Ahmad bin Majid, aliyeandika elimu ya kuongoza vyombo katika karne ya 15, alikuwa mtu wa kweli. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul An'am kwamba nyota ni uongozi wetu katika giza la bara na bahari. Nahodha azisomaye ni mwenye elimu, wala si mtu wa ngano.

Na kosa hilo tunalo sisi pia. Mtoto wa Ulaya akipanda mlingoti, twasema anasoma; wetu akipanda, twasema ameshindwa na shule. Kijana wa Kariakoo hupita Mtaa wa Mafia na Mtaa wa Pemba kila siku, na bahari haiko mbali. Mwulize kusi huanza lini, hajui. Na yule wa jahazini ajuaye hayo hana cheti hata kimoja.

Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, ambacho mafunzo yake yalianza mwaka 1978, hufundisha ubaharia wa meli za kisasa, na ni jambo jema. Lakini shule zetu za sekondari nazo zingemwita nahodha mzee aje darasani, kisha wanafunzi wakamfuata chomboni, wakiwa wamekwisha jua kuogelea na wamevaa maboya ya kuokolea.

Mzazi, manahodha wetu wanaondoka mmoja mmoja. Tusipowauliza leo, wajukuu wetu watajifunza bahari yao kwa kitabu cha mgeni, tena kwa Kiingereza. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.