Kuonja Mbege: Anza na Kimea

Swali la kwanza linaloulizwa kilabuni kuhusu mbege ni kama ina nguvu. Ni swali baya, kwa sababu nguvu ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukipata katika pombe: ongeza sukari, subiri, basi. Mbege ya Kilimanjaro haikuwekwa duniani kushindana kwa ukali. Ni pombe ya ndizi na ulezi, nzito kiasi, yenye utamu, uchachu na uchungu kwa pamoja, na wazee wanaweza kukaa nayo tangu mchana hadi jua linapozama wakizungumza mambo ya ukoo, posa na mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, huku akili zao zikiwa bado ni zao. Anayetaka kuihukumu kwa haki aweke ukali kando na aulize habari za kimea. Ndizi yenye kasoro ndogo inaweza kuokolewa na kimea kizuri. Kimea kikiwa kibovu, hata ndizi bora za Marangu haziwezi kukificha.

Kwa asiyejua inavyopikwa, kazi ina pande mbili. Upande mmoja, ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu ya kahawia, kisha hupozwa na kuachwa pipani siku kadhaa zichachuke. Huo ndio nyalu. Upande wa pili, ulezi huloweshwa, ukaoteshwa na kuanikwa, na hicho ndicho kimea; kisha husagwa, na unga wake hupikwa uji uitwao mso. Mwishoni nyalu huchujwa, maji yake yakachanganywa na mso uliopoa, na kesho yake watu wanakunywa. Humo pia huingia msesewe, gome la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, na uchungu wa mbege unatoka hapo.

Basi tuanze na kimea, maana mpishi mwenye haya na kazi yake hatakuficha. Mwombe akuonyeshe ulezi ulioota kabla haujasagwa. Punje zilizo nyingi ziwe zimetoa vimizizi, tena vifupi na vinavyolingana. Zikiwa nusu zimeota na nusu zimelala, ama mbegu zilikuwa kuukuu, ama maji hayakuzifikia sawasawa, na mbege itakayotoka humo itakuwa na wanga mwingi na utamu kidogo. Machipukizi yaliyoachwa mpaka yakawa marefu na ya kijani ni kosa la upande wa pili: punje imekula sukari yake yenyewe ili ikue, na ladha ya majani mabichi itakufuata hadi kwenye kata. Tafuna punje chache. Kimea kizuri hukatika kwa urahisi chini ya jino, kikaacha utamu mwepesi na harufu ya nafaka iliyoguswa na jua. Kisha shika konzi nzima, ipeleke puani. Harufu ya ghala lenye unyevu, au rangi ya ukungu wa kijivu kwenye vimizizi, inatosha kukuondoa nyumba hiyo, na hapa sizungumzii ladha peke yake. Nafaka yenye ukungu inaweza kubeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa.

Kuna jaribio la jikoni ambalo nalipenda kuliko yote. Pika uji mzito wa kawaida, uepue, uache upoe mpaka uweze kuugusa kwa kidole bila kuungua, halafu koroga humo kijiko cha unga wa kimea. Kimea chenye uhai huufanya uji ulegee mbele ya macho yako, na baada ya muda ukiuonja umekuwa mtamu bila sukari. Akina mama wanaowalisha watoto uji wa kimea wanalijua jambo hili. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Uji ukikataa kulegea, vimeng'enya hivyo vimekufa, pengine kwa kimea kukaushwa juu ya moto mkali badala ya juani.

Jambo hilohilo linaeleza kwa nini wapishi wawili wenye ulezi wa gunia moja hutoa mbege mbili tofauti. Vimeng'enya vya nafaka hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 60 hadi 70, na maji yanayotokota huviua. Mpishi anayepandisha moto taratibu, akikoroga, huupa mso muda wa kujitengenezea utamu kabla haujachemka. Anayemwaga unga kwenye maji yanayorindima anapata uji tu. Hayo utayatambua kwenye ulimi: mso uliopikwa kwa haraka huacha unga unaong'ang'ania kwenye kaakaa, na utamu wote wa pombe unakuwa wa ndizi, bila ule utamu wa pili, mkavu kidogo, ambao ni wa ulezi. Usagaji nao una sehemu yake. Unga wenye chenga kubwa mno hukwaruza koo kama mchanga; ulio laini mno hugeuza pombe kuwa tope. Unaotakiwa ni ule unaoacha maganda madogo ya ulezi yakielea, yanayopulizwa kando kabla ya kupiga funda.

Kuhusu ndizi nitasema machache, kwa sababu watu wa mlimani wanazijua kuliko ninavyoweza kueleza, na kila kihamba kina migomba yake ya pombe. Mchare, ndizi ya kupika, huachiwa supu ya mtori. Ndizi ya pombe iwe imeiva mpaka ndani, si ngozi ya njano yenye moyo mgumu, maana ndizi isiyoiva bado ni wanga, na ukakasi wake haufichiki. Rangi ndiyo itakayokuambia kama zilichemshwa vya kutosha. Zilizoharakishwa hutoa pombe iliyopauka, yenye harufu ya ndizi mbichi. Zilizopata saa zake hutoa kahawia yenye wekundu na ladha ya sukari iliyoguswa na moto. Zilizoungua chini ya sufuria hujitangaza zenyewe, na hakuna msesewe wa kuzinyamazisha.

Msesewe unahitaji mkono wenye nidhamu. Huko Ulaya uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya hopsi, nao huwekwa kwa sababu inayofanana: utamu mtupu huchosha, na mnywaji hafiki kwenye kata ya pili. Uchungu mzuri wa mbege huja mwisho, nyuma ya ulimi, baada ya utamu na uchachu kupita, kisha unaondoka. Ukija mwanzo, au ukibaki mdomoni muda mrefu, gome lilizidi. Nami hushuku mbege chungu mno, kwa kuwa uchungu mwingi ni pazia zuri la kufichia pombe iliyoanza kuwa siki. Tena gome hili si kiungo cha kumwagwa bila kipimo. Mti huo ni wa ukoo mmoja na Rauvolfia serpentina wa India, uliotoa dawa ya reserpini ya kushusha shinikizo la damu. Wazee waliotumia kipande kidogo walikuwa na sababu.

Sasa kata iko mkononi. Kwa desturi mwenye pombe huonja kwanza mbele yako. Mwache aonje, na tumia nafasi hiyo kumuuliza imechanganywa saa ngapi. Hakuna swali lenye thamani zaidi ya hilo. Mbege haina umri wa miezi kama divai. Iliyochanganywa jana jioni iko kwenye ubora wake leo, mchana kuelekea alasiri: sukari imepungua bila kwisha, gesi bado inapanda, uchachu umeamka. Mbege ya leo asubuhi mapema inaweza kuwa bado changa, tamu ya kitoto, ikifaa zaidi kwa anayetaka togwa. Ile ya jana, kesho itakuwa imekauka na kuchachamaa. Wako wanaoipenda hivyo na siwalaumu, ila wasiiite bora kwa sababu tu inawahi kichwani. Keshokutwa siki imeshika usukani.

Tazama juu ya kata. Maganda ya ulezi yanayoelea na kusogea yanainuliwa na gesi ya hamira iliyo hai. Yakiwa yametulia chini, na juu pamebaki maji yanayong'aa, pombe imelala. Ukiona maji na uzito vimeachana upesi, kila kimoja upande wake, mara nyingi kuna mtu aliyeongeza maji baada ya kuchanganya ili pipa litoshe wageni. Pombe ya namna hiyo huanza vizuri mdomoni halafu katikati inakuwa tupu. Zaidi ya kuharibu ladha, maji yasiyochemshwa huleta ugonjwa ambao uchemshaji wote wa awali ulikuwa umeuzuia.

Kisha nusa kabla ya kunywa, pua ikiwa karibu, pumzi fupi mbili tatu. Unatafuta ndizi iliyopikwa, nafaka, na uchachu safi kama wa maziwa mgando. Huo uchachu ni kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki, na bila huo mbege si mbege. Uchachu unaochoma pua ni jambo jingine: ni siki, dalili kwamba hewa iliingia kwa wingi au vyombo havikuoshwa. Harufu ya rangi ya kucha ni jamaa wa siki, nayo husema uchachukaji ulikwenda kombo. Harufu ya samli iliyooza haina msamaha. Harufu ya mkate unaoumuka, ikiandamana na wepesi mdomoni na joto la kilevi kooni, karibu kila mara inamaanisha sukari ya dukani na hamira ya kuokea vilitumika kuharakisha kazi. Pombe hiyo haitakuua, lakini aliyeipika amekuuzia haraka yake.

Vyombo vitazame pia. Pombe chachu hula metali. Ladha ya sarafu ulimini inatoka kwenye pipa la chuma lenye kutu, na pipa la bati lenye zinki halifai kabisa kuhifadhia kitu chenye asidi, kwani zinki huyeyuka na kuingia kwenye kinywaji na inaweza kuwaumiza watu. Mapipa ya plastiki yaliyowahi kubeba dawa za shamba yasikaribie nyumba ya pombe, hata yakioshwa mara ngapi. Kibuyu au kata ya kibuyu ni chombo kizuri mno, kinatuliza pombe na kuhifadhi ubaridi wake, mradi kisiwe na harufu yake chenyewe. Kinuse kikiwa kitupu.

Ukishaijua mizani ya mbege, usiibebe nzima kwenda kwa pombe nyingine, ingawa ni ndugu. Rubisi ya Kagera ni ya ndizi pia, lakini ndizi hazichemshwi. Hukamuliwa zikiwa mbivu pamoja na nyasi, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwenye mtumbwi wa mti. Kwa hiyo tarajia harufu ya tunda lenyewe, wepesi, na ladha ya kukaangwa kutoka kwenye mtama. Wekundu wa mbege ukiuona kwenye rubisi, una haki ya kuuliza. Busaa ya magharibi mwa Kenya nayo huanza na donge la unga wa mahindi lililochachushwa, likakaangwa juu ya bati, kisha likapewa maji na kimea cha ulezi. Ubora wake uko kwenye ukaangaji: rangi ya dhahabu iliyokolea, harufu ya mahindi ya kuchoma, na uchachu wa kuamsha mate. Masizi yakitangulia, mkaangaji alilala. Tofauti zote hizo ni za haki, ila jicho langu huenda palepale, kwa ule unga wa nafaka iliyoota au iliyokaangwa, kwani hapo ndipo mpishi hawezi kutegemea bahati.

Ukitaka kulinganisha mbege za nyumba mbili, zionje siku moja na uhakikishe zilichanganywa saa zinazokaribiana, la sivyo unalinganisha umri. Anza na ile yenye msesewe mdogo, maana uchungu hukaa ulimini na kuidhulumu inayofuata. Katikati tafuna kipande cha ndizi ya kuchemsha isiyo na chumvi wala pilipili, na unywe maji. Nyama choma isubiri. Funda la kwanza lisikupe hukumu, ulimi bado unazoea. Hukumu iko kwenye la tatu. Kata ikikaribia kwisha, usiitikise. Iache dakika chache, kisha onja lililobaki chini, zito na lenye machicha, bila gesi wala ubaridi. Hapo kimea kizuri bado ni kitamu.