Kiswahili Kilipita Makerere

Historia ya Makerere husimuliwa kwa fahari: mwaka 1922 wanafunzi 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika, mwaka 1949 chuo kikatahini chini ya Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Mpango huo wa 1963 husifiwa kwa kugawana vitivo: uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam, utabibu Makerere. Hakuna nchi iliyolazimika kujenga kila kitu peke yake. Ni sifa ya haki.

Lakini wasifiaji hawagusi suala la lugha. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikaa Makerere kuanzia 1952, karibu miaka kumi, kisha ikahamia Mombasa, na mwaka 1964 ikaingizwa katika taasisi mpya ya Dar es Salaam. Yaani lugha nayo iligawiwa kama uhandisi, wakapewa wenzetu. Hapo ndipo naona kasoro. Mhandisi aliyesomea Nairobi aliweza kurudi kujenga daraja Kasese. Lugha haisafiri hivyo, hudai walimu nyumbani. Vyuo vilipotengana mwaka 1970, Dar es Salaam ilibaki na taasisi yake, sisi tukabaki na madaktari wa Mulago (nao si haba).

Pale Mpondwe, siku ya soko, Kiswahili cha kuokoteza kinatosha kununua vitenge kwa Wakongo. Hakitoshi kumwandaa mwalimu wa sekondari ya Bwera.