Juu ya Kazi ya Kupanga Kurasa

Watu wakisoma gazeti zuri humsifu mwandishi, na pengine mpiga chapa. Mpangaji wa kurasa hawamkumbuki. Naye ndiye achaguaye picha, herufi na nafasi, akaamua jicho lianze wapi na lipumzike wapi. Leo twapenda kuipima kazi ya fundi mmoja aliyesifiwa sana, Alexey Brodovitch, ili kijana atamaniye kazi hiyo ajue lipi la kufuata na lipi la kuacha.

Alizaliwa Urusi mwaka 1898. Alipokuwa mkimbizi mjini Paris alianza kwa kupaka rangi mapazia ya jukwaa kwa ajili ya wachezaji wa Ballets Russes, kisha akachora matangazo ya biashara. Mwaka 1930 akaenda Marekani kufundisha mjini Philadelphia, na tangu 1934 hata 1958 alisimamia sura ya Harper's Bazaar, gazeti la mavazi ya wanawake litolewalo New York. Basi hakuirukia kazi hii, aliipandia ngazi.

Sifa yake ya kwanza ni weupe. Wengine walijaza ukurasa hata pembeni. Yeye aliacha sehemu kubwa tupu, akaweka picha moja na maneno machache. Msomaji anunuaye karatasi kwa taabu aweza kuuliza, "Mbona yapotezwa?" Haipotei. Kama kimya cha msemaji hodari kiyapavyo maneno yake uzito, ndivyo weupe ule ulivyoipa picha nguvu.

Lakini twaona na upungufu. Pengine aliyakata maandishi yafuate umbo la picha, mstari mrefu hapa, mfupi pale. Atazamaye hufurahi; asomaye huchoka, maana neno limekuwa pambo. Hapo mtumishi amekalia kiti cha bwana wake.

Tena, mwaka 1950 alianza kupanga gazeti jingine, Portfolio, lisilo na matangazo ya biashara hata moja. Lilikuwa zuri mno, nalo likafa mwaka 1951, baada ya kutoka mara tatu tu, kwa kuwa gharama zake zilikuwa nzito. Wazee husema kizuri chajiuza, hiki hakikujiuza. Mpangaji asiyeuliza bei ya karatasi hujenga nyumba isiyokaliwa.

Juu ya hayo yote twauweka ualimu wake. Wapiga picha mashuhuri Richard Avedon na Irving Penn walikuwa wanafunzi wake. Hakuwafundisha kumwiga, aliwadai wamshangaze kwa jambo ambalo hajapata kuliona.

Basi, kijana, usingoje mashine wala cheo. Twaa gazeti lo lote ulilo nalo, ukaulize kila ukurasa: ni kipi kingeondolewa, na msomaji asipotewe na neno? Ajuaye kujibu hivyo ameianza kazi.