Usinionyeshe Kahawa Inayong'aa

Juzi hapa Kitale nilipitishiwa bakuli la buni zilizokaangwa kwenye darasa la siku moja, katika shamba dogo upande wa Endebess. Nyeusi tititi, zinameremeta mafuta, na kila aliyezishika alisifu: "Hii sasa ndiyo kahawa!" Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Hapa sinyamazi.

Mafuta yakitoka nje ya buni, jua mkaangaji amepitiliza. Kahawa ya Mlima Elgon huiva polepole kwenye baridi, na utamu wake wenye ukali wa matunda ndio tunaoulipia. Ikiwa motoni, buni hupasuka kwa mlio mara mbili; ukiifikisha mpasuko wa pili, umeuza shamba ukanunua makaa. Mpasuko wa kwanza husikika joto likifika nyuzi 200 hivi, na kuanzia hapo una dakika chache tu za kuamua. Mwalimu anayepiga soga wakati huo hafai.

Lakini rangi na mlio hata mgeni hujifunza. Kinachompita kila mara ni mfereji.

Pindua buni. Kwenye upande wake bapa kuna mfereji, na ndani yake hubaki utando mwembamba ambao hata ungo hauuondoi. Kahawa iliyomenywa, ikachachushwa na kuoshwa vizuri faktorini, utando wake hubaki mweupe-mweupe hata buni yenyewe ikiwa imeshakolea. Mbuni, iliyokauka na ganda lake, imekwisha kunywa sukari ya tunda. Ikikaangwa, mfereji wake unageuka kahawia. Waonjaji wa Nairobi huitazama kahawa ikiwa mbichi, wakaitazama tena ikishakaangwa, ndipo wakaionja. Ile hatua ya katikati watu huidharau, kumbe hapo ndipo mfereji unaposomwa.

Mzee mmoja wa Kapsokwony, mtu wa faktori tangu kabla aina ya kahawa ya Ruiru 11 haijatolewa mwaka 1985, humwaga buni kiganja kimoja mezani, akazilaza zote chali kwa ncha ya kidole, asiseme neno. Kisha anazitenga mafungu mawili: hizi na hizi hazikuanikwa pamoja. Zile zilizopauka rangi ya njugu, zilizochumwa changa, anazitupia kuku. Sijamwona akikosea.

Sasa sikia ya muuzaji mmoja wa Bungoma mjini. Alikuwa akichanganya mbuni, ambayo bei yake ni ya chini kabisa, na kahawa safi, halafu anaziunguza pamoja. Utando ukishaungua, utasoma nini? Wateja walimwita fundi kwa kuwa kahawa yake "ina nguvu". Ndiyo maana nikionyeshwa buni nyeusi inayong'aa, swali langu la kwanza ni kinachofichwa.

Basi ukitafuta darasa, tafuta kuni na chuma kizito, au ngoma inayozungushwa kwa mkono. Gesi hapana, na usiniulize kwa nini. Mkalishwe kwanza mchambue buni mbovu mpaka mgongo uume. Mizani iwepo: kilo moja mbichi ikirudi gramu 850 hivi, sawa, ikirudi 780, mmekaanga moshi. Ikishaiva ipoozwe upesi kwenye ungo, upepo upite. Na isinywewe siku hiyo! Ilale walau usiku mmoja itoe hewa yake. Madarasa mengi huimimina vikombeni papo hapo, kwa sababu wageni wana safari na wanataka picha.

Uliza pia ni mti gani. Batian, iliyotolewa mwaka 2010, inastahimili magonjwa, na mkulima naye ana haki ya kulala usingizi. Ila SL28 ya enzi zile, karani wa chama cha ushirika akisimama mlangoni pa faktori na kukirudisha nyumbani kikapu kizima kwa sababu ya matunda machache mabichi, haina mpinzani. Siku hizi karani anaona haya kumrudisha jirani yake.

Sukari? Weka kwenye chai.