Ukata na Aibu katika Filamu ya "I, Daniel Blake"

Msomaji, maneno "kubana matumizi" huonekana makavu yatajwapo katika hotuba ya waziri wa fedha. Ni hesabu tu: hiki kimepunguzwa, kile kimefutwa. Lakini hesabu hiyo ikishuka kutoka bungeni hadi mlangoni pa maskini hugeuka sura. Huwa baridi chumbani, huwa kungoja kusikokwisha, huwa woga wa kufungua barua. Mageuko hayo ndiyo yanayoonyeshwa na filamu "I, Daniel Blake", iliyotungwa na Paul Laverty na kuongozwa na Ken Loach wa Uingereza. Katika mwaka 2016 ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes.

Yafaa kwanza kujua mambo yaliyoizaa. Tangu mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilipunguza sana matumizi yake ili kuziba pengo la bajeti lililopanuka baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Posho za wagonjwa na za wasio na kazi zilitiwa masharti makali, na aliyekosa sharti aliweza kukatiwa posho yake.

Daniel ni seremala wa miaka 59 katika mji wa Newcastle, aliyefiwa na mkewe. Moyo wake ni mgonjwa, na daktari amemkataza kufanya kazi. Lakini serikali imeamua ya kuwa anaiweza. Basi hana budi kuzunguka akitafuta kazi asiyoweza kuipokea, ama akose riziki.

Filamu yaanza gizani. Hatuoni mtu, twasikia sauti mbili tu. Moja yauliza kama aweza kuinua mkono hadi kichwani. Ya pili yajaribu kueleza habari za moyo, wala haisikilizwi. Kabla hatujauona uso wa Daniel, tumekwisha kuonja hali ya mtu asiyeonekana. Baadaye aipigia ofisi simu, na muziki wamlilia sikioni zaidi ya saa moja. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, lakini hasira yazidi kupanda. Hapo ndipo ulipo ustadi wa kazi hii: dhuluma yake haina kelele.

Kisha tazama habari ya Katie, mama wa watoto wawili, aliyehamishwa kutoka London kwa kukosa makao. Siku moja aenda kwenye ghala la chakula cha msaada. Njaa yamshinda, afungua kopo pale pale na kula kwa mkono, halafu alia na kuomba radhi. Nakuomba utue hapo ujiulize: aomba radhi kwa kosa gani? Hakuiba, chakula kile kiliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Aibu ile hakuzaliwa nayo. Amefundishwa na kila meza iliyomtaka athibitishe ya kuwa si mlaghai. Nawe pengine umemwona mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akipita nyuma ya madarasa asionekane, kana kwamba umaskini wa wazazi wake ni hatia yake. Njaa hutulizwa kwa chakula. Aibu hubaki hata sahani ikijaa.

Hata hivyo filamu hii haikosi ila. Daniel ni mwema mno: ni fundi hodari, mkarimu, mcheshi na mwaminifu. Kumhurumia ni rahisi. Je, angalikuwa mvivu au mwongo, moyo wake mgonjwa ungalistahili dawa kidogo? Tukiwahurumia wema peke yao, twafanya kazi ile ile ya ofisi tunayoilaumu, yaani kupima nani anastahili. Tena, watumishi wengi wa ofisi wameonyeshwa kwa ukali tu. Yupo Ann, ambaye akemewa na mkubwa wake kwa kumsaidia Daniel; laiti tungalimwona zaidi, tungalijua ya kuwa ukata humbana pia aketiye nyuma ya meza.

Lakini ila hizo hazifuti tendo la Daisy, binti wa Katie. Daniel amekwisha kuuza vyombo vyake, amejifungia ndani, hataki kuonwa. Mtoto aja mlangoni na chakula, amwuliza kama hakuwasaidia wao zamani. Na ikiwa aliwasaidia, mbona wao wasimsaidie? Daniel afungua mlango. Ukata humfunza mtu kujificha. Mtoto huyu alimkumbusha ya kuwa mwenye kutoa ana haki ya kupokea.

Basi, msomaji, siku utakaposikia ya kuwa matumizi yamebanwa, usiulize tu ni fedha ngapi zilizookolewa. Uliza pia ni jirani yupi aliyeacha kufungua mlango wake, kisha nenda ukaubishe.