Jina la leso halisomwi kwenye orodha

Majuzi niliisoma tasnifu ya uzamili kuhusu majina ya leso. Mwanafunzi alikuwa amejitahidi kweli. Alizunguka madukani, akanakili majina chungu nzima, akayagawa mafungu: ya mapenzi, ya dini, ya mawaidha, ya vijembe. Kila jina aliliandikia maana yake mbele yake, basi. Nilipoifunga nilihisi kama mgeni aliyeonyeshwa sufuria zote za jikoni zikiwa zimefunikwa. Sikuweza kumlaumu sana, maana miaka mingi nami nilifundisha leso hivyo hivyo: kijitawi cha methali, cha kugusiwa mwishoni mwa kipindi muda ukibaki.

Hebu tulichukue jina moja tu: ‘Usisafirie nyota ya mwenzio.’ Kwenye orodha, hilo ni fungu la mawaidha. Ridhika na bahati yako, usitegemee ya mwingine. Ndani yake mna bahari na nahodha anayeifuata nyota usiku, na mna pia itikadi kwamba kila mja ana nyota yake. Sawa. Sasa tuseme mama amemnunulia leso hiyo bintiye anayeolewa. Huo ni wasia. Mke mkubwa akijifunga leso hiyo hiyo siku bi harusi mdogo anapoletwa nyumbani, wasia umegeuka mkuki. Na muuza mahamri akijitanda nayo asubuhi baada ya jirani yake kuanza kukaanga mahamri hatua kumi kutoka kwake, hapo ni ilani ya biashara. Maneno ni yale yale manne. Kilichobadilika ni nani amevaa, lini, na anapita mbele ya mlango wa nani.

Na akiulizwa? ‘Mimi nimependa rangi tu.’ Mtafiti Rose Marie Beck, ambaye ameandika kwa kina kuhusu leso kama chombo cha mawasiliano, anausisitiza utata huu: ujumbe unafika, lakini aliyeutuma anaweza kuukana. Ningeongeza jambo ambalo mhakiki wa maandishi hulipita kwa urahisi. Leso ikifungwa kiunoni, jina aghalabu huangukia nyuma. Aliyelivaa halioni. Anayelisoma ni yule aliyekwisha kupitwa, ambaye hata akitaka kujibu, mwenye leso kashapiga kona. Nijuavyo mimi, hakuna utanzu mwingine wa fasihi yetu unaomgeuzia msomaji mgongo namna hii.

Tazama pia sarufi. ‘Japo sipati tamaa sikati.’ Ni nani huyo asiyepata? Nafsi ya kwanza ipo, mwenyewe hayupo. Jina limelala dukani kama nyumba tupu, na yeyote atakayelinunua ndiye atakayekuwa ‘mimi’. Leo ni msichana anayemngoja mchumba, kesho ni ajuza anayeomba mjukuu. Orodha ya yule mwanafunzi ilisema: mapenzi.

Mwenzangu mmoja idarani hakubaliani nami. Eti leso si sanaa ya wanawake hata kidogo. Haikufumwa wala kupigwa chapa nao. Hoja yake ina uzito. Neno lenyewe, leso, tulilipata kwa Wareno, kutokana na vitambaa vya mkononi ambavyo wanawake wa Pwani walivishona pamoja kupata nguo moja pana (wenzetu wa Tanzania wanasema kanga, na kwao leso imebaki kuwa kitambaa cha kupengea kamasi). Baadaye nguo hiyo ilipigwa chapa viwandani Ulaya, India na Japani. Aliyeiagiza alikuwa mfanyabiashara mwanamume, kama Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887 na ambaye leso zake hadi leo zina maneno ‘Mali ya Abdulla’. Hata umiliki umeandikwa jina la mwanamume! Mwenzangu anasema kama tunatafuta sanaa ya mwanamke wa Kenya, twende kwenye kiondo, ambacho Mkamba na Mkikuyu wamekisuka kwa vidole vyao wenyewe, au kwenye mkeka wa ukili.

Kiondo nakiheshimu. Na kwingineko mifano inayomuunga mkono ipo. Katika wilaya ya Jiangyong, mkoa wa Hunan nchini China, wanawake walikuwa na mwandiko wao uitwao Nüshu. Waliutarizi kwenye vitambaa na kuuandika katika vijitabu alivyopelekewa bi harusi siku ya tatu baada ya harusi. Nchini Chile, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1973, wanawake ambao jamaa zao walikamatwa wasionekane tena walishona vipande vya nguo kuukuu juu ya gunia, wakasimulia yasiyoweza kuandikwa gazetini. Ushoni wa akina mama haukutiliwa shaka upesi, na kazi hizo zikauzwa ng'ambo kwa msaada wa Kanisa. Huko kote mkono wa mwanamke ndio uliounda.

Lakini tumwulize mwenzangu hivi: bibi anapotamba hadithi ya sungura na fisi, je, ameitunga yeye? Hakuitunga. Tunamwita msanii hata hivyo, kwa sababu ya namna alivyoichagua, wakati alioitoa na watu aliowatolea. Mbona basi aliyevaa leso tumdai cheti cha kiwanda? Kuchagua ni kazi ya sanaa pale uchaguzi unapojua lengo lake.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, maana uchaguzi huo unategemea kilichopo rafuni. Kila msimu wa kampeni leso hugawiwa bure kwa marobota, zikiwa na uso wa mgombea pale katikati, kwenye mji, na kaulimbiu yake pale jina linapokaa. Mwanamke anapewa nguo na kinywa kwa pamoja. Na mtafiti wa kesho mwenye daftari la mafungu ataziandika vipi? ‘Majina ya siasa’, akidhani wanawake ndio waliosema.

Uchaguzi uliopita, jirani yangu alirudi na pea moja kutoka mkutanoni. Wiki hiyo nikamkuta barazani anapepeta mchele, kajifunga leso ile. Alikuwa ameikunja upande wa jina kwa ndani, kaulimbiu yote ikamezwa na mkunjo, na mheshimiwa kabaki paji la uso tu. Nikamuuliza mbona ameifunga hivyo.

‘Ah, mwalimu,’ akasema bila kuinua macho kwenye ungo, ‘hii nimejifunga tu.’